Mizani ya Pongwe

Kilua nimesikia, kwamba umepewa cheo,
Simu umenipigia, alifajiri ya leo,
Sauti yajikwamia, yaomba maelekeo,
Sina elimu ya vyeo, ila yangu ya mizani.

Pongwe, miaka ya kale, niliingia mkonge,
Nikapewa meza ile, ya karani wa kinyonge,
Robota hili na lile, nilipime, nilipange,
Mshahara kama tonge, ukimeza hulioni.

Mwaka wa saba, barua, yenye saini, muhuri,
Ikasema nimekua, msimamizi mahiri,
Shati nikalichukua, Ngamiani, la fahari,
Nikatembea kwa ari, na funguo kiunoni.

Shekiondo, fundi wetu, wa korona tangu zama,
Kachelewa siku tatu, sikuketi, sikupima,
Onyo, na mbele za watu, nalisoma, kasimama,
Hakusema, kainama, akatia mfukoni.

Ni yeye, mwaka wa kwanza, alonivuta mkono,
Mashine ilipoanza, kuutamani, kwa meno,
Nami leo namfunza, kwa karatasi na wino!
Nikawa na mimi meno, yaliyotoka mezani.

Toka pale, bila choyo, kila jibu: "Ndiyo, bosi,"
Nikajawa raha moyo: kuongoza ni rahisi!
Waliposikia nyayo, soga zikafa upesi,
Nami sina wasiwasi, natabasamu kitini.

Mwezi haujakatika, mzigo ukarudishwa,
Bandarini, wakaweka: kilo mbili zazidishwa,
Kila robota mashaka, jina langu laaibishwa,
Meneja, kakasirishwa, kaniita ofisini.

Nikashuka kwa mashine, shati limelowa maji,
Nikamwambia: "Tuone, hapa nani mpunjaji."
Kasema: "Bosi, tunene? Hukutaka msemaji.
Hapa hapana mlaji: springi imekufa ndani.

"Twajua tangu mapema, vijana walinambia,
Nani angekuja sema, kwa mtu wa kufokea?
Nami, mke ana homa, Bombo nilimkeshea,
Swali moja lingefaa, kuliko onyo kundini."

Asubuhi, kabla zamu, niliita watu wote,
Kinywa kikakosa hamu, koo limekwama mate,
"Kosa," nikasema, "humu, ni langu, msilifute."
Onyo nikachana lote, mbele yao, hadharani.

Usidhani walisifu, hakuna aliyecheka,
Wengine walikashifu: "Bosi huyu kadondoka."
Barua yake, dhaifu kwa kukunjwa, kaiweka,
Hajaitoa, miaka imepita, i moyoni.

Lakini wiki ya pili, Mwanaidi wa burashi,
Akabisha: "Nina swali, vumbi letu kama moshi,
Barakoa tuna mbili, sisi tisa: hazitoshi."
Ndicho cheo, na sibishi, hodi ile mlangoni.

Kozi nenda, vyeti soma, sikwambii uviache,
Na ukisifiwa vyema, mwenzio usimfiche,
Asemaye la kuchoma, mpe kiti, usimche,
Nafusi yako uiche, inaponona kitini.

Bado nina jiwe lile, la kilo kumi, la chuma,
Asubuhi, kwa upole, naliweka, ninapima,
Na mshale uwe mbele, au ukibaki nyuma,
Sigombi jiwe, nasema: "Tufungue mle ndani."

Salio lako laisha, zamu yangu inaanza,
Huko Muheza, zungusha macho kabla ya kufunza,
Na mtu akikawisha, uliza. Uliza kwanza.
Nalo shati, ukianza, lichukue Ngamiani.